Kifaranga Aliyerudi Upesi

Alikuwapo Kanga mmoja aliyetunga hadithi za kumtukuza Mungu, mwenye wasiwasi hata juu ya alama moja ya mkato. Siku moja alimsomea jirani yake Nyegere, mlafi wa asali asiyekanyaga kanisani, hadithi yake mpya. Kifaranga anapotea, mama anapiga magoti, kifaranga anarudi, wote wanaimba pambio.

Alipoinua macho, Nyegere alikuwa anakoroma.

"Uniwie radhi, jirani," Nyegere akasema akijinyoosha. "Mtoto wako karudi kabla sijaanza kumhurumia."

Kanga akaichana hadithi. "Naacha kuandika. Niliomba hii moja tu ikuguse."

"Kwani kisa chenyewe umekitoa wapi?"

"Kifaranga wangu alipotea kweli mwaka jana. Niliomba mpaka sauti ikakauka. Hakurudi."

Nyegere akaacha kujinyoosha. "Ukafanyaje?"

"Jumapili nikaenda kwaya kama kawaida. Nilifungua mdomo tu, wimbo haukutoka. Mpaka leo naenda, na bado hautoki."

"Na Mungu wako hajasema kitu?"

"Hajasema."

Nyegere akasogea karibu. "Mbona hiyo hukunisomea?"

"Haina mwisho. Nitamwambia nini msomaji?"

"Mwisho sijakuuliza. Nauliza, kwa nini bado unaenda?"

Kanga aliinama. Aliokota kalamu, akaandika jina la mwanawe, akalitazama kwa muda mrefu bila kulifuta. Nyegere akakaa palepale kusubiri sentensi inayofuata, usingizi umemwisha.