Kondoo na Habari za Kilele

Paliondokea Kondoo mmoja aliyeupenda mlima kuliko malisho. Ujanani alishindana na Mbuzi kuupanda kila mvua za kwanza zilipoleta majani mabichi. Sasa goti lilimsumbua, akawa anabaki bondeni akiutazama tu.

"Pumzika, dada," Mbuzi alimwambia. "Nitakwenda mimi, nikuletee habari."

Kila jioni alirudi akisimulia ziwa linavyong'aa na mawingu yanavyopita chini ya kwato. Kondoo alisikiliza, na moyo ukamwuma kuliko goti.

Asubuhi moja uvumilivu ulimwishia, akaanza kupanda akichechemea. Hakufika mbali. Nyuma ya mwamba wa kwanza alimkuta Mbuzi amejilaza, anatafuna majani.

"Kumbe hupandi?"

Mbuzi aliinamisha kichwa. "Pumzi iliniishia zamani, dada. Nakusimulia niyakumbukayo tu. Niliona haya kusema, na kilele nakitamani kama wewe."

Kondoo alitaka kukasirika, akashindwa.

"Basi inuka," alisema. "Niegemee, nami nikuegemee."

Siku hiyo waliishia mwamba wa pili. Kilele kilibaki mbali juu yao, lakini upepo wake uliwapiga usoni, nao wakasimama kuunusa mpaka jua likachwa.