Povu Mikononi

Mwalimu Mkuu alilifunga bomba kwa kufuli ili tangi libaki limejaa mpaka wageni wafike kuliona. Watoto wa chekechea wakaambiwa wanawe wote katika beseni moja, kama kawaida, ndipo wapewe mihogo yao.

Hawajafika nusu, maji yalishageuka rangi ya chai. Mwalimu Mwanakheri akalibeba lile beseni, akayamwaga maji mbele ya mlango wa ofisi.

"Unafanya nini?" Mkuu akauliza dirishani.

"Nafundisha."

Akawamiminia watoto mikononi maji yake ya kunywa, akawapaka sabuni mpaka viwikoni. "Sugueni katikati ya vidole. Hakuna atakayekula mpaka bomba litiririke."

Honi ikalia getini. Watoto walikuwa wamejipanga mbele ya bomba, povu likiwachuruzika. Mkuu akatoka mbio, mkono mmoja mfukoni, kwenye ufunguo.

"Waondoe hapa, Mwalimu."

"Waondoe mwenyewe. Washike mikono."

Tunu, mdogo kuliko wote, akamnyooshea mkono mweupe kwa povu. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

Geti likafunguliwa. Mkono wa Mkuu ulikuwa bado mfukoni.