Bendera Aliyoikalia Mwari

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, mkondo wa bahari ulianza kuvuta waogaji kilindini. Mwari, ndege mlinzi wa ufukwe, alikuwa ametandika bendera nyekundu ya hatari kiotani mwake.

"Mzee Mwari, ipandishe! Bata anaingia majini na wanawe," Kaa alimkabili.

"We binti, wageni wakikimbia, makombo yao nitayapata wapi? Na hilo gando lako jekundu linatutia aibu. Lifukie mchangani!"

Damu ilimchemka Kaa. Hakufukia kitu. Aliparamia mlingoti mtupu mpaka kileleni, akalinyoosha gando juu kabisa. Bata alipouona wekundu ule, aliwarudisha wanawe mbio.

"Shuka!" Mwari alifoka.

"Ile uliikalia," Kaa akamjibu. "Haya, njoo uikalie na hii."