Nati za Cherehani

Eda ya Salha ilikuwa haijaisha, ndugu za marehemu mumewe wakaja kuchukua cherehani. Lakini nati zilizoishikilia mezani zilikuwa zimeganda kwa kutu. Mbarouk, mkubwa wao, akaomba nyundo.

"Ukigonga utaipasua," Salha akasema.

Akachanganya mafuta ya taa na oili ya gia kwenye chupa, akaitikisa kama alivyozoea kufanya mumewe, kisha akadondoshea kila nati.

"Subirini yaingie."

Wakasubiri, wakinywa chai yake. Baadaye akashika spana mwenyewe, maana hakutaka kuona cherehani ile ikiumizwa. Nati zikalegea moja baada ya nyingine.

"Ahsante, shemeji," Mbarouk alisema walipoibeba. "Hiyo chupa sasa itupe tu. Huna tena cha kulegeza."

Salha akaichukua chupa. Walipopotelea kwenye kona, aliliendea komeo la mlango wa mbele. Nalo lilikuwa limeganda kwa kutu, kwani tangu aolewe mlango ule haukuwahi kufungiwa ndugu. Akalimiminia mafuta yote yaliyobaki, kisha akaketi nyuma ya mlango kungoja yaingie.