Mama Nani

Mtaa mzima ulimwita Sikudhani "Mama Kuku", kwa kuwa alifuga kuku. Alimlea binti aitwaye Nasra tangu akiwa mchanga, lakini sheria haikumruhusu mwanamke asiye na mume kuasili mtoto. Sasa sheria imebadilika, na asubuhi hii hakimu amemtangaza kuwa mama wa Nasra.

Wakarudi mtaani wameshikana mikono.

"Mama Kuku, mayai yapo?" akauliza Chande wa genge la mboga.

Sikudhani akapita kama hajasikia kitu.

"Huyu leo anaringa. We Mama Kuku!"

"Hayupo," Nasra akamjibu. "Labda umwite Mama Nasra."

Chande akacheka. "Haya bwana. Mama Nasra!"

Sikudhani alisikia vizuri sana. Akazidi kutembea, taratibu, aitwe tena kwa sauti ya kufika mtaa wa pili.