Kanga ya Mfereji

Nakiete alimpasua perege wa nne, na huyo naye utumbo wake ulijaa minyoo myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea. Akanawa mikono, akaufuata mfereji kupanda juu kwa kaka yake Semboja, maana maji ya bwawa la Semboja ndiyo yaliyoshukia bwawani kwake.

Pale mferejini kila mtu alijua: wa juu samaki wake wakiugua, hufunga kitambaa kwenye nguzo ya bwawa lake kabla ya kufungulia maji, ili wa chini awahi kuziba. Kitambaa cha Semboja kilikuwa kipande cha kanga ya marehemu mama yao.

Nguzo ilikuwa tupu. Bwawa nalo lilikuwa tupu, limemwagwa chokaa, jeupe pe.

"Kaka, ulijua?"

Semboja hakuinua macho. "Tangu juma lililopita. Ningefunga kanga, ungeziba. Yale maji ningeyapeleka wapi?"

"Ukaona uniletee mimi."

"Yalishuka yenyewe, mdogo wangu."

Kanga ilikuwa mlangoni, kwenye msumari, imekunjwa vizuri kama nguo ya sikukuu. Nakiete aliichukua, akashuka nayo bila kuaga.

Bwawani kwake perege walikuwa wakitweta juu ya maji, na maji yale yalizidi kuteremka taratibu kwenda bwawa la chini. Huko chini jirani yake, Mama Zaina, alikuwa akiwatupia samaki wake pumba. Alimwona Nakiete amesimama kando ya nguzo yake, kanga mikononi, akampungia mkono.