Mkono wa Kushoto

Rula ilishuka juu ya vidole vya mkono wa kulia wa Marieta.

“Huo ondoa,” alisema Mwalimu Masatu. “Nilikuambia nini?”

“Kushoto tu.”

“Basi kushoto.”

Marieta akaurudisha mkono wa kulia mapajani, akaendelea kubonyeza besi. Do, so, do. Do, so, do. Huu ulikuwa mwezi wa tano wa mafunzo, na hakuwa ameruhusiwa kupiga hata noti moja ya wimbo wenyewe.

“Unapigaga kinanda kama unaparua sangara,” mwalimu akasema.

“Sangara ana nafuu, Mwalimu. Yeye hapigwi rula.”

Hakucheka. Aliketi pale alipoketi siku zote, ukingoni mwa benchi upande wa kulia, ndani ya koti lake jeusi hata jua liwe kali namna gani, mkono mmoja mfukoni kama bwana shamba anayekagua pamba ya watu. Marieta alipopata mwendo, yule mwalimu aliweka rula chini, akapeleka mkono wake wa kulia kwenye vibonye na kuuchukua wimbo. Utamu wote ukawa wake. Marieta akabaki kumchochelea moto wa chakula ambacho hataonja.

Kanisa lao la Kamunyonge lilikuwa na piano moja ya zamani na mpigaji mmoja. Baada ya Pasaka, Masatu alikwenda kwa dada yake Butiama. Alikaa huko wiki tatu, na aliporudi akakataa kupiga ibadani. Watu hawakuhitaji kuambiwa sababu. Kamati ilikuwa imeanza kumtaja Gody wa Bunda, mwenye kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe. Mzee amesusa, walisema.

Aliiomba kamati jambo moja tu: apewe mtu wa kufundisha. “Asiyejua kitu,” alisisitiza. “Anayejua atanibishia.”

Wakampa Marieta, muuza samaki wa miaka arobaini na mitatu. Tangu usichana aliimba sauti ya pili, amesimama hatua mbili kutoka kwenye ile piano, na hakuwahi kuthubutu kuigusa. Mzee Wanzagi, mwenyekiti wa kamati, alitoa masharti. Jumapili ya mavuno Marieta apige mbele ya kanisa zima. Akiweza, kiti ni chake. Akishindwa, piano itolewe nje na Gody aitwe.

Mwanzoni Marieta alijaribu upole. Alimletea mwalimu sato mnene, wa asubuhi ile ile. Masatu akaupokea mfuko kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Mama mtu mzima anakuletea kitoweo, nawe unapokea kama kondakta anayechukua nauli.

“Mwalimu, mkono wa kulia utanifundisha lini?”

“Wa kulia upo.”

“Upo wapi?”

“Upo. Piga.”

Ijumaa ya mwisho alimuuliza tena, safari hii bila heshima. “Kwa hiyo keshokutwa nipige nusu wimbo?”

“Keshokutwa nitakaa hapa hapa, pembeni yako,” Masatu akajibu. “Tutapiga kama tunavyopigaga.”

Hapo ndipo Marieta alipoelewa, au alidhani ameelewa. Mzee hakutaka mrithi. Alitaka kanisa lione kwamba bila yeye hakuna wimbo, kamati impigie magoti, na yeye Marieta awe kichekesho cha soko zima. Hata siku yangu anataka kuikalia, aliwaza. Akafunga kifuniko cha piano kwa kishindo. Masatu hakuwahi kukifungua wala kukifunga yeye. Siku zote ilikuwa kazi ya mwanafunzi.

Jumapili ya mavuno mbele ya kanisa palijaa mihogo, mtama, ndizi na kuku waliofungwa miguu. Kanisani kwao, siku hiyo, anayetoa zao lake anaweza kutaja jina la muumini yeyote aimbe, acheze au apige, na aliyetajwa hakatai. Kukataa ni kumrudishia Mungu sadaka mkononi. Mwaka uliopita Mzee Wanzagi mwenyewe alichezeshwa kwa debe la mtama, na goti lake bovu.

Kabla zamu yake ya kupiga haijafika, Marieta akainuka na jogoo mwekundu.

“Natoa jogoo huyu,” alisema kwa sauti yake ya sokoni. “Mwalimu Masatu atupigie. Peke yake. Na mikono yote miwili, maana mimi wa kulia nimenyimwa tangu Pasaka!”

Kanisa likaangua kicheko. Vigelegele vikapanda. “Leo hasusi mtu!” akapaza sauti mwanamume mmoja nyuma.

Masatu alimsogelea. “Mama,” alisema polepole, ili asikie yeye tu, “mchukue jogoo wako. Nakuomba.”

Kwa miezi mitano hakuwahi kumwomba kitu.

“Sadaka hairudi, Mwalimu.”

Masatu akatembea hadi kwenye piano. Akasimama mbele ya kifuniko mpaka mzee wa kanisa akaja kumfungulia. Akaketi ukingoni mwa benchi, upande wa kulia kama kawaida, na kushoto kwake ikabaki nafasi ya mtu mmoja. Marieta akakunja mikono, akangoja.

Kwa mkono wa kulia, Masatu akaushika wa kushoto kwenye kifundo, akautoa mfukoni, akaulaza juu ya vibonye kama muuza samaki anavyolaza sato mezani. Ukabaki pale pale ulipolazwa.